Shingo ya Filomena

Sura ya Kumi na Moja

Kifurushi kilikuwa na jozi ya viatu vya mtoto, soksi mbili za sufu, na chupa ndogo ya kwinini iliyoviringishwa kwa uangalifu ndani ya gazeti. Dhahabu haikuwamo. Inspekta Ferréol Jaquemet aliviinamisha viatu vile, akaingiza kidole hadi kwenye ncha, akavigonga mezani kimoja kimoja. Hakikudondoka kitu.

"Umeridhika?" aliuliza mwanamke aliyeketi mbele yake.

Huyo alikuwa Filomena Iaconelli, Mwitalia wa miaka thelathini na miwili, ambaye kazi yake hapa Paris ilikuwa kusimama mbele ya wachoraji ili wamchore. Alikamatwa Jumatatu asubuhi, akituhumiwa kuiba mkufu wa dhahabu wa Kirumi kutoka studio ya mchoraji Onésime Delcambre. Sasa ilikuwa Jumatano. Kesho yake saa tatu asubuhi angefikishwa mbele ya hakimu, na baada ya hapo hakuna mchoraji hata mmoja ambaye angemruhusu kukanyaga mlango wake, awe na hatia au asiwe nayo. Kifurushi hicho, alichokipeleka stesheni Jumamosi jioni ili kisafirishwe kwao, ndicho kilichokuwa tegemeo la mwisho la inspekta.

"Ni vya mwanangu," Filomena aliendelea. "Ana miaka sita, yuko kwa mama yangu kule milimani. Nimemnunulia viatu vipya, na vidole vya kwanza kuingia ni vyako."

Inspekta alivirudisha viatu kwenye karatasi. Alijaribu kuifunga kamba kama ilivyokuwa, ikamshinda.

"Lete," Filomena akasema. "Wewe ni wa kufungua tu."

Mlinzi wa mahabusu ya wanawake, mama mnene aitwaye Bi Gaudry, aliangua kicheko pale mlangoni. "Usimwonee huruma huyu, Inspekta. Tangu Jumatatu anatumalizia maji ya ndoo kwa kujisugua shingo. Sugua, sugua! Anajiona malkia."

Filomena aliivuta skafu yake juu, ikamfika kidevuni.

"Nisimulie Jumamosi tena," inspekta alisema, akafungua daftari.

"Mara ya nne hii."

"Ya nne, ndiyo."

"Nilisimama tangu saa tatu asubuhi. Mimi ni mateka wa kike, nauzwa sokoni Roma. Nimefunikwa shuka kiunoni, na mkufu shingoni. Jiko la makaa liko kulia, basi ubavu mmoja unaiva, wa pili unaganda. Mkufu ananivika Mwalimu Delcambre mwenyewe, na ananivua mwenyewe. Wiki nzima sijawahi kukigusa kifungo cha mkufu. Saa nane akanitazama shingoni. Akaitazama picha. Akanitazama tena shingoni. Halafu akanivua mkufu na kuniambia nivae niende."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Na mwanga ulikuwa umebaki wa saa nzima! Ungemjua Mwalimu, ungeshangaa. Yule hata mama yake akifariki, angesubiri jua lizame ndipo aende kuzika. Nikasema moyoni, leo mzee anaumwa."

Inspekta aliandika. Alipofunua ukurasa ili wino ukauke, macho yake yaliangukia maneno aliyoyaandika Jumatatu kwa mkono wake mwenyewe: *Mwanamke wa kigeni, mkaidi. Shingo chafu.* Aliufunika ukurasa ule upesi, kana kwamba Filomena angeweza kuusoma ukiwa umepinduka.

*

Duka la rangi la Bi Pruvost lilikuwa hatua mia moja kutoka studio ya Delcambre, na kwa miaka arobaini lilikuwa limewauzia wachoraji wote wa mtaa ule. Inspekta alikuwa amelikwepa tangu Jumatatu. Alimtuma askari mmoja kuuliza maswali, askari akarudi bila jibu. Sasa hapakuwa na wa kumtuma.

"Yesu na Maria!" kikongwe alisema kutoka nyuma ya mitungi ya mafuta ya kitani. "Mtoto wa Honorine. Na kofia juu! Ivue, mwanangu, humu ndani uliwahi kukojoa sakafuni."

Inspekta aliivua kofia. Alitazama nyuma kuhakikisha kwamba mlango umefungwa.

"Hamna mtu," Bi Pruvost alisema. "Tulia. Nasikia huko kituoni umewaambia mama yako alikuwa mshonaji."

"Nimekuja kuhusu Bwana Delcambre."

"Najua ulichojia. Uliza."

"Alinunua nini kwako Jumamosi?"

"Mwenyewe hakuja. Alimtuma mtumishi jioni, mbiombio, achukue chupa ya maji makali."

"Yale wanayotumia kuchongea bamba la shaba?"

"Hayo hayo. Yakikudondokea mkononi, unaita mama. Nikamwuliza mtumishi, tangu lini bwana wako anachonga? Yule mzee hajagusa bamba tangu nikiwa na meno yangu yote."

"Yana kazi nyingine?"

"Ya sonara. Anadondosha tone, dhahabu inanyamaza. Kama si dhahabu, linachemka." Bi Pruvost aliifuta kaunta kwa kiwiko. "Na Filomena je? Mnampa chakula?"

"Anakula."

"Mtu aliyesimama wiki nzima na shaba shingoni anahitaji limau, si chakula."

Inspekta aliacha kuandika. "Shaba gani?"

"Mwanangu, wewe ni polisi au ni kizibo? Hawa wachoraji wa Roma na Misri, vito vyao ni vya maonyesho, shaba iliyopakwa rangi. Mwanamke anasimama karibu na jiko, anatoka jasho, shaba inamwachia mstari. Mama yako miaka ile alikuwa malkia wa kila nchi yenye mchanga. Akitoka kazini alipitia hapa kwanza, shingo ina mduara wa kijani kama mtu aliyeponea kitanzi, nami namsugua kwa limau kabla hajaja kukuchukua kwa mlezi. Alikuwa akiniambia, 'Mtoto asione. Ataniuliza.'"

Masikio ya inspekta yalikuwa yameiva. Alilifunga daftari lake.

"Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha," Bi Pruvost alisema kwa sauti ya chini kidogo. "Mimi ndiye niliyemwosha kila jioni, na sikuona aibu yoyote. Niliona kijani tu."

"Kijani hicho hutoka kwa maji?"

"Kwa maji? Sugua mpaka damu. Hakitoki ng'o."

"Mkufu wa Delcambre ni dhahabu ya Kirumi," inspekta alisema, kila neno akilipima. "Ni mali ya Bwana Rochebrune, mwenye benki, naye humwazima auchore. Delcambre mwenyewe ameuandikia hati kwamba ni wa kale. Kesho ulikuwa upelekwe kwa wakaguzi wa jumba la makumbusho."

"Basi hauwezi kuacha kijani, au siyo?" Bi Pruvost alichukua limau moja kutoka kwenye bakuli lake la chakula, akamsogezea. "Chukua. Yuko wa kuhitaji."

*

Studio ilikuwa na dirisha moja kubwa la upande wa kaskazini, na chini yake jukwaa dogo la mbao. Juu ya jukwaa palikuwa na nyayo mbili zilizochorwa kwa chaki, ili modeli akishuka kupumzika arudi na kusimama palepale. Jiko halikuwa limewashwa. Picha yenyewe, *Mnada wa Mateka*, ilisimama kwenye egemeo lake, kubwa kuliko mlango, laini kama ganda la yai.

"Umerudi mikono mitupu," alisema Onésime Delcambre. Alikuwa mzee wa miaka sitini na minne, ndevu zimechongwa, utepe mwekundu wa heshima kifuani.

"Nimerudi na swali, Mwalimu."

"Uliza ukiwa hapo hapo. Rangi ni mbichi, nawe una koti linalopepea."

Inspekta alilivua koti, akasogea. Jumatatu alikuwa ameitazama picha hii kutoka mbali, huku ameupa mgongo ukuta wa mashariki. Leo aliinama, pua karibu na turubai.

"Kazi ya subira," alisema.

"Kuna vijana siku hizi wanapaka madoa na kuyaita jua. Mimi nachora kilichopo. Hesabu kucha za watumwa wangu, zitatimia."

"Huongezi chochote?"

"Hata unywele."

"Wala hupunguzi?"

"Kupunguza ni kusema uongo, Inspekta. Brashi hii haijasema uongo kwa miaka arobaini."

"Basi niambie hapa, chini ya mkufu, uliona nini?"

Delcambre hakusogea. Juu ya ngozi ya mateka, mkufu ulipopinda kufuata mfupa wa bega, palikuwa na mstari mwembamba kama uzi. Ulikuwa wa kijani.

"Kivuli," mchoraji alisema.

"Vivuli vyote vya picha hii ni vya hudhurungi. Nimevihesabu kama kucha. Huu peke yake ni wa kijani, na sasa hivi upo shingoni mwa Filomena Iaconelli, ambaye amemaliza ndoo za maji akiusugua. Dhahabu haiachi rangi kwenye ngozi. Shaba huacha."

"Mwanamke hajaoga. Wewe mwenyewe ulisema shingo yake ni chafu. Nilikusikia ukimwambia askari."

"Nilisema," alikubali. "Jumamosi saa nane ulimtazama shingoni, ukaitazama picha. Ulikuwa umekwisha kuuchora mstari huu kabla hujajiuliza maana yake. Jioni ukaagiza maji makali. Unachonga bamba siku hizi?"

"Najaribu."

"Nionyeshe hilo bamba."

Mzee alitazama huku na huku, kama mgeni katika chumba chake mwenyewe. Bamba halikuonekana.

Inspekta aliigeukia sanamu ya mbao yenye viungo iliyosimama kando ya jukwaa. Ilikuwa na kimo cha mtu, nayo ilivikwa shuka pana la Kirumi, toga ya mfanyabiashara wa watumwa, kila mkunjo umeshikwa kwa pini. Jumatatu, askari watatu walipoikaribia, Delcambre alipiga kelele kwamba mikunjo ile imemchukua wiki tatu kuipanga, na atakayeigusa ataharibu picha ya mwaka. Nao wakaizunguka kwa adabu, kama wanaopita mbele ya altare. Inspekta mwenyewe ndiye aliyewaamuru waizunguke.

"Mwalimu, wewe huchora kilichopo," alisema. "Kwenye picha, chini ya kwapa la kushoto la mfanyabiashara pana mikunjo mitano. Kwenye sanamu ipo minne. Na pini zote zimechomekwa kutoka chini kwenda juu, isipokuwa hii."

"Usiiguse!"

Aliichomoa. Mkunjo uliporomoka, ukafuatwa na wa pili, kisha toga nzima ikalegea begani. Kwenye uwazi wa kiungo cha bega palikuwa na kitambaa cha kufutia brashi. Inspekta alikifungua kiganjani. Mkufu wa Bwana Rochebrune ulimetameta kila pete, isipokuwa moja, ambayo maji makali yalikuwa yameila ikabaki nyekundu kama sufuria iliyosuguliwa.

Delcambre aliketi jukwaani. Aliketi juu ya nyayo za chaki, na chaki ikampaka suruali.

"Miaka ishirini," alisema. "Vijana wangu wote wameuchora. Nilisimama mbele ya Baraza la Sanaa nikawaeleza jinsi Warumi walivyouyeyusha. Nikataja hadi jina la mtaa wa masonara! Kesho yule kijana wa makumbusho angeutia mate na kucheka."

"Kwa hiyo ukampa Filomena kicheko hicho akubebee."

"Sikufikiria mbali. Nilitaka upotee tu. Ukipotea, lazima awepo aliyeuchukua, na yeye ndiye aliyekuwepo." Alijifuta uso kwa mkono wenye rangi. "Doa lile ningelifuta kwa dakika moja. Jumapili nililisogelea mara tatu na brashi. Unajua, lilikuwa limekaa sawasawa kabisa. Sijawahi kuchora ngozi vizuri namna ile. Mkono ukanigomea."

"Kwa picha, ulikugomea. Kwa mwanamke, hapana."

Mzee aliinamisha kichwa. Alipokiinua, sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Tuzungumze kama watu wazima. Mkufu umepatikana ukiwa umeangukia ndani ya toga. Bahati mbaya. Pete moja imeliwa na kutu. Mwanamke anaachiwa leo leo, kimya kimya, nami nampa mshahara wa mwezi. Nani anaumia?"

"Uwanjani kwenye chemchemi, Jumatatu mnapokwenda kuchagua modeli, nani atamchukua aliyeachiwa kimya kimya?"

"Wapo wengi wa kusimama."

"Najua kwamba wapo wengi."

"Unajua sana, kweli." Delcambre aliinuka. "Tangu Jumatatu najiuliza kwa nini afisa wa polisi anampa mgongo malkia wangu. Jaquemet. Jina ambalo nilikuwa nimelisahau. Uso sikuusahau, unao wewe mwenyewe, mdomo na nyusi."

Inspekta aligeuka, kwa mara ya kwanza, kuuelekea ukuta wa mashariki. Pale, ndani ya fremu pana ya dhahabu, malkia wa jangwani aliyetekwa alisimama mbele ya jeshi la Roma, minyororo mikononi, mabega wazi, kidevu juu. Nakala zake zilitundikwa katika nusu ya mikahawa ya Paris. Moja ilikuwa ofisini kwa Kamishna, na wakubwa walipovuta sigara chini yake walikuwa na mzaha wao.

"Alisimama hapa saa sita kila siku," Delcambre alisema. "Hakuwahi kuyumba."

"Nyumbani alikuwa akiyumba."

Delcambre alijipangusa chaki surualini.

"Mimi nina aibu yangu, wewe una yako," mchoraji alisema polepole. "Tunaweza kuzifunika zote mbili kwa shuka moja. Andika kwamba uliangukia togani."

Inspekta aliviringisha mkufu kwenye kitambaa chake.

"Vaa koti, Mwalimu."

"Utaandika nini?"

"Kilichopo. Sitaongeza wala kupunguza."

*

Saa kumi na moja jioni ripoti ilikuwa mezani, kurasa tatu. Kwa kanuni haikumlazimu kumsomea mtuhumiwa aliyefutiwa tuhuma. Inspekta alivuta kiti, akaketi mbele ya Filomena, akasoma kwa sauti. Bi Gaudry alisimama mlangoni, funguo mkononi.

Alisoma kuhusu maji makali, kuhusu pini na mikunjo. Alipofika ukurasa wa pili alikohoa, akaendelea:

"'Alama ya kijani shingoni mwa mwanamke huyu niliiona Jumatatu, na sikuitambua. Ningepaswa kuitambua kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa marehemu mama yangu, Honorine Jaquemet, alikuwa modeli katika mtaa huohuo, na aliibeba alama ya namna hiyo ili mimi nile. Katika maelezo yangu ya siku ile niliandika: shingo chafu. Maneno hayo ni ya uongo, nami ndiye niliyeyaandika.'"

Funguo zililia mkononi mwa Bi Gaudry. "Kumbe mama yako hakuwa mshonaji?"

"Hakuwa."

"Yule malkia wa ofisini kwa Kamishna..."

"Ndiye."

Bi Gaudry alizikumbatia funguo kifuani.

"Kamishna ataisoma hiyo?" Filomena aliuliza.

"Kesho asubuhi. Na hakimu, na Bwana Rochebrune."

"Soma tena hapo pa shingo."

Alisoma tena. Safari hii alisoma polepole, hadi neno la mwisho.

Filomena alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu anayepokea kitu na kukipima uzito. Hakusema amesamehe. Inspekta aliingiza mkono mfukoni, akalitoa lile limau na kuliweka mezani kati yao.

"Kwa ajili ya alama," alisema. "Maji hayaitoi."

"Najua hayaitoi. Nimezaliwa jana?" Aliligusa limau kwa ncha ya kidole, likabingirika nusu duara likasimama. "Saa hizi wachoraji wako wapi?"

"Uwanjani, karibu na chemchemi. Wanakunywa kahawa."

"Wote?"

"Karibu wote."

Filomena aliifungua skafu. Mduara wa kijani ulimzunguka kutoka sikio hadi sikio, na pembeni mwake ngozi ilikuwa imechubuka kwa kusuguliwa siku tatu. Aliikunja skafu mara mbili, akaiingiza ndani ya kifurushi juu ya viatu vya mtoto, akakaza kamba kwa meno.

"Basi nitapita kule kwanza," alisema. "Polepole, waione. Limau mpe atakayelihitaji."

Bi Gaudry alimfungulia mlango, akasimama kando kumpisha, naye akatoka na kidevu juu. Inspekta alibaki ameketi, akiisikiliza hatua moja moja mpaka mwisho wa ukumbi. Kisha alilichukua limau, akazunguka nalo chumbani, wala hakupata mahali pa kuliweka.